Wosia Uliofuliwa

Nyumbani kwa Baba, ghorofani juu ya duka
Jumapili mchana, mvua imeshika tangu asubuhi

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko stempu nilizobandika kwenye bahasha hii. U hali gani? Mgongo umeacha kukusumbua? Katika picha uliyotuma juzi nilikuona umekonda, shingo imerefuka, nikajua bado unaishi kwa chai na mkate. Kula, baba. Kazi ya kuendesha mitambo ya kupakia mizigo haifanyiki kwa tumbo tupu, na huko ulipo hakuna dada wa kukusimamia mlangoni na sahani mkononi.

Sisi hatujambo, ila ni hatujambo ya watu waliofiwa. Tunakula, tunalala, hata kucheka tunacheka. Halafu kengele ya mlango wa dukani inalia, kila mtu anatulia kidogo akimsubiri Baba aitikie "Karibu, leta uchafu wako!" na hakuna anayeitikia. Wateja nao wameanza kuingia taratibu, kama watu wanaoingia wodini.

Binti yangu amefaulu mtihani wake, nashukuru, ingawa alisoma kwa kulazimishwa. Paka wa dukani amezaa tena juu ya mashuka ya wageni, na tena hakuna aliyemwona mpaka alipomaliza. Mimi bado nipo kule hospitalini, chumba cha mashuka. Wananiita msimamizi siku hizi, lakini ukiniuliza mimi, nimetoka kwa dobi nikaenda kwa dobi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ipo. Simu nimeijaribu. Ukikasirika unakata, kisha unasema mtandao ulikuwa mbaya. Barua huwezi kuikata. Halafu ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, imekunjwa peke yake, imetoka kwa mwanasheria. Nakuomba usiifungue kwanza. Nisikilize mimi mpaka mwisho, halafu uisome ukiwa umekaa.

Najua kaka yetu Hakimu alikupigia siku ile ya maziko akakwambia, "Yule mama kafua wosia." Najua na wewe ulichojibu, maana aliweka simu kwa sauti kubwa na tulikuwa wengi chumbani. Ulisema, "Basi aondoke." Mama Mdogo, mwenzake Baba, alikuwa mlangoni amebeba sinia la vikombe. Alisikia. Aliweka vikombe mezani kimoja kimoja, hakuna hata kimoja kilichogonga kingine, akatoka.

Sikulaumu kwa neno hilo. Ulikuwa mbali, Baba amekufa hukumwona, na habari uliyopewa ilikuwa nusu. Leo nakuletea nusu nyingine.

Baba alianguka asubuhi akiwa amevaa kutoka. Alikuwa na koti lake la kijivu, lile lenye bitana nyeupe, ambalo hakulivaa ila akienda mjini. Alikaa hospitali siku chache, hakusema tena neno la kueleweka. Alipofariki, Hakimu ndiye aliyekwenda kuchukua vitu vyake. Wakampa mfuko wa plastiki wenye viatu, miwani, suruali na lile koti, limechafuka kwa tope la pale alipoanguka. Mimi wakati huo nilikuwa nikihangaika na mambo ya maziko, kwa hiyo haya ya koti sikuyaona kwa macho.

Unajua alivyokuwa akisema: dobi hazikwi na nguo chafu. Kwa hiyo koti lilipofika, Mama Mdogo hakusubiri kuambiwa. Alilifua kwa mikono yake, hakulitia kwenye mashine. Alipolikamua, akahisi kitu upande wa moyo. Baba alikuwa ameshona mfuko wa pili ndani ya bitana, mdogo, usioonekana. Ndani yake kulikuwa na donge la karatasi.

Ulikuwa ndio wosia, Mama Mdogo aliitambua karatasi. Baba aliuandika mwenyewe, kwa ile kalamu yake ya wino, kwa kuwa hakuamini kalamu za kubonyeza. Wino ulikuwa umeondoka wote. Ulibaki kwenye bitana, doa la bluu pana kama kiganja. Mama Mdogo alilihangaikia doa lile kwa kila dawa iliyopo dukani na halikutoka. Mwishowe koti likapigwa pasi hivyo hivyo, Baba akavalishwa. Kwa nje alikuwa msafi kama bwana harusi. Maneno yake yote alikwenda nayo kifuani.

Sasa nisikilize hapa vizuri, maana ndipo mimi nilipoanza kufikiri. Donge lile Mama Mdogo angeweza kulitupa. Maji yalikuwa yanakwenda mtaroni, hakuna aliyemwona, hakuna aliyejua kwamba wosia ulikuwa kwenye koti. Sisi sote tulidhani uko kwenye lile kopo la wanga alikouweka miaka yote. Unajua alichofanya? Alilifungua donge kidogo kidogo kwa ncha ya sindano, akalitandaza juu ya kitambaa, akalikausha kwa pasi ya uvuguvugu, kisha akalitundika kwenye kamba.

Hujaisahau ile kamba? Bado iko pale pale nyuma ya kaunta, toka ukuta hadi ukuta, na vibanio vyake vya mbao. Kila kitu kilichotoka mfukoni mwa mteja kinabanwa pale na kijikaratasi chenye jina la mwenyewe. Tiketi, picha, pete, yale meno ya bandia yaliyotukenulia wiki nzima mpaka mzee wa watu akaja kuyachukua ameziba mdomo kwa leso. Na sheria ya Baba unaijua, umechapwa kwa ajili yake: kitu cha mfukoni hakisomwi, hakiulizwi, hakitupwi, na hakipelekwi kwa mtu. Mwenyewe ataisaka nguo yake na mwenyewe ataulizia kitu chake. Vingine vimekaa pale mpaka vimebadilika rangi.

Kwa hiyo tulipotoka makaburini tukaikuta. Karatasi nyeupe imekunjamana, haina hata herufi, imebanwa katikati ya kamba. Kwenye kijikaratasi cha jina Mama Mdogo hakuandika la Baba. Aliandika "Watoto".

Hakimu alipoiona alipandwa na mori. Alisema maneno ambayo sitayaandika. Kwamba dobi wa miaka yote hiyo hawezi kusahau mfuko. Kwamba bila shaka alijua kilichoandikwa, akajua hakumo, akaona afadhali wote tukose. Mama Mdogo hakujitetea. Alisema tu, "Nimefua mimi," basi.

Wengi walichukua kimya kile kuwa ni hatia. Nami sitakudanganya, nilikuwa na mashaka. Nilijiambia, mtu asiye na kosa hupiga kelele.

Baada ya hapo tulifanya kila ambacho familia inaweza kufanya. Kwanza tulisaka. Kopo la wanga lilimwagwa, likatoka wanga. Tulikwenda benki kuuliza kama Baba aliacha bahasha, tukaambiwa hakuacha kitu. Tulikwenda kwenye masjala ya mahakama, maana kumbe watu wengine huuweka wosia wao kule ukatunzwa, nako jina lake halikuwemo. Nakala hakuna. Mwenye duka la kutoa kopi pale kona Baba hakumwamini, alisema mashine yake inatoa kopi moja kwako na nyingine kwa mtaa mzima.

Tukawatafuta mashahidi. Kumbe ni majirani zetu wa pande zote mbili, kinyozi na fundi cherehani, na wote wanakubali kwamba waliweka sahihi siku moja pamoja, Baba akiwa mbele yao na akili zake timamu. Tukafurahi. Tukawauliza, basi kulikuwa kumeandikwa nini? Wakasema hawakuona. Baba alikuwa ameifunika karatasi yote kwa foronya ya mteja, akaacha wazi pale chini pa kuweka sahihi tu. Kinyozi anasema alijaribu kuchungulia, Baba akampiga kofi mkononi. Fundi cherehani yeye anachokumbuka ni kwamba foronya ilikuwa na pindo zuri. Nilicheka mpaka nikalia, Kifungo, kisha nikaendelea kulia kwa sababu nyingine.

Kwa nini siku ile aliutoa kwenye kopo akautia kwenye koti? Hapo ndipo tulipogombana. Hakimu alisema Baba alikuwa anakwenda kuubadilisha. Mimi nikasema alikuwa anakwenda kuuhifadhi kwa mwanasheria, maana alishaanza kusahau vitu na alijijua. Tukamuuliza kinyozi, mtu wa mwisho kuzungumza naye, Baba alisema anakwenda kufanya nini. Kinyozi akafikiri sana. Akasema Baba aliuliza kama mvua itanyesha.

Basi tukaenda kwa mwanasheria. Ni mwanamke kijana, ofisi yake iko juu ya duka la viatu, feni inapeperusha kila karatasi isiyowekewa kitu juu. Majoho yake ya mahakamani Baba ndiye aliyekuwa akiyafua, kwa hiyo alitupokea vizuri. Nitakueleza alivyotueleza, kwa lugha yangu.

Wosia ukipotea, alisema, haina maana kwamba kila kitu kimekwisha. Ikipatikana nakala, au mtu anayejua yaliyoandikwa, mahakama inaweza kuyakubali. Sisi hatuna hata kimoja. Pili, kama wosia ulikuwa mikononi mwa marehemu na hauonekani, sheria huanza kwa kudhani kwamba aliuharibu mwenyewe kwa kuwa hautaki tena. Dhana hiyo inaondolewa kwa kiapo cha mtu anayejua ulivyopotea kweli. Na hata tukiiondoa, madhali hakuna anayejua kilichoandikwa, mali inagawanywa kama ya mtu ambaye hakuacha wosia. Yaani kwa watoto wake watatu: mimi, Hakimu na wewe.

Nikamuuliza, na Mama Mdogo? Akashusha miwani. Baba na Mama Mdogo waliishi pamoja kama mke na mume lakini hawakuandikishana popote. Anaweza kwenda mahakamani kudai, akasema, na huenda akasikilizwa, ila ni safari ndefu. Mama Mdogo alipoambiwa alitikisa kichwa. Hawezi kusimama kortini kupingana na watoto wa mwenye nyumba. Ndivyo alivyosema, "mwenye nyumba", hakusema "mume wangu", na nadhani alisema hivyo kwa ajili yetu.

Hapo akili yangu ikaanza kugeuka. Ni nani aliyepata hasara kwa karatasi ile kufuliwa? Sisi watatu tunapata kila kitu bila wosia. Yeye bila wosia hana hata chumba anacholala. Kama ndani yake kulikuwa na neno lolote la kumlinda, basi alilifua kwa mikono yake. Mtu akitaka kuiba, hujiibia?

Nilipotoka kwa mwanasheria nilipitia dukani, nikamkuta ameanza kufunga. Mizigo miwili tu, yote ya nguo. Ile pasi ya zamani ya mkaa, ambayo siku hizi inatumika kuzuia mlango, alikuwa ameipangusa akaiweka juu ya meza. Akaniuliza kama naweza kumwombea ruhusa kwa kaka zangu aichukue. Hiyo tu. Akaunti, mashine, wateja, hakuuliza. Nilijibu kwa ukali kwamba pasi ni yake achukue, kisha nikapanda juu nikakaa kitandani kwa Baba, nikiwa na hasira na sijui na nani.

Labda ilikuwa na Baba. Sisi ni watu wazima, Kifungo. Mimi nina mvi. Lakini tulikuwa tunasaka ile karatasi kama watoto waliopotezana na mzazi sokoni, tunataka atuambie tena nani akae wapi. Tulitaka aamue ili tusilaumiane. Nami nikajiona kwamba hata ungepatikana wosia umesema Mama Mdogo abaki, nisingekuwa nimefanya wema wowote, ningekuwa nimetii tu. Sasa kutii hakupo. Uamuzi umebaki wetu.

Sikupata ujasiri wa kumwambia Hakimu hayo. Unamjua, ukianza kubishana naye mpaka jua linazama. Ila sikuhitaji.

Siku ya kiapo tulikwenda wote watatu, mimi, Hakimu na Mama Mdogo. Kiapo kilikuwa chake, cha kueleza jinsi wosia ulivyopotea. Mwanasheria alikuwa amekwisha kukichapa, akakisoma kwa sauti, feni ikipeperusha pembe za karatasi: "Mimi, dobi kwa kazi, nilifua koti la marehemu bila kwanza kupekua mifuko yake."

Wewe ni mtoto wa dobi. Unajua hilo ni neno gani kwa mtu wa kazi ile. Ni sawa na mpishi aape kwamba alitia sumu. Baba alimfukuza mfanyakazi kwa hilo, na alikuwa mtoto wa rafiki yake. Mama Mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni sawa, akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

Hakimu akasema, "Ngoja. Hiyo siyo kweli."

Nilimtazama. Alikuwa ametokwa jasho. Mwanasheria akamuuliza kipi siyo kweli. Hakimu akasema, "Aliniuliza. Nilipomkabidhi mfuko wa hospitali aliniuliza, mifuko tayari? Nikamjibu tayari."

Nadhani huko uliko umesimama kidogo kusoma, kama mimi nilivyosimama kupumua. Tumekua na maneno hayo. Anayepokea nguo kaunta anapekua, anayefua nyuma anauliza "Mifuko tayari?" na ukimjibu "Tayari" harudii kupekua, kwa kuwa kurudia ni kukutusi. Hakimu alikuwa ametoa simu na funguo kwenye mifuko ya nje, akaona amemaliza. Ule wa ndani hakuujua. Nani angeujua? Aliitikia kama alivyofundishwa tangu utotoni, na yule akafua kama alivyofundishwa.

Mwanasheria akamgeukia Mama Mdogo, akamuuliza kwa nini hakusema hayo tangu mwanzo, wakati ametukanwa mbele ya watu na anaelekea kupoteza nyumba. Mama Mdogo akachezea kifungo cha sweta. Akasema, "Maji niliyatia mimi. Na yeye alikuwa amefiwa na baba yake siku ile. Nimwongezee nini tena?"

Hakimu alitoka nje. Tulimkuta amekaa ngazini, pale kando ya duka la viatu, jitu zima na kitambi chake, analia na wateja wanampita na maboksi. Mama Mdogo akakaa ngazi ya chini yake. Akamwomba leso yake, akaitazama, akasema leso gani hii, ilete dukani ifuliwe. Hakimu akacheka huku makamasi yanamtoka. Nami nimekwambia mapema kwamba alikuambia nusu, usimkasirikie sana. Nilimnunia siku mbili, zinatosha kwa niaba yako pia. Kuna watu wangekaa na siri ile mpaka kaburini, na yeye alikuwa amebakiza sahihi moja tu aokoke.

Kiapo kikaandikwa upya, kikaapwa na wote wawili. Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ya Baba hatutayasoma kamwe. Lakini mwanasheria alitueleza jambo la mwisho, na hilo ndilo lililomo kwenye karatasi iliyokunjwa. Warithi wote wakiwa watu wazima na wakakubaliana kwa maandishi, wanaweza kugawana watakavyo wao, hata kumpa nafasi mtu ambaye sheria haikumtaja. Sharti wakubali wote. Asipotia sahihi mmoja, makubaliano hayapo.

Tuliyokubaliana ni haya. Nyumba na duka vibaki kwa majina yetu watatu. Mama Mdogo akae humu na aendeshe kazi ya udobi maisha yake yote, au mpaka mwenyewe achoke, na asiwepo wa kuuza nyumba huku yeye yumo ndani. Yaliyobaki tugawane sawa kwa sawa. Mimi nimetia sahihi. Hakimu ametia, tena alibonyeza kalamu mpaka ikatoboa. Nafasi yako iko wazi. Utatia sahihi mbele ya mwanasheria wa huko au afisa wa ubalozi, kisha uirudishe kwa posta.

Usipotia, sitakuita mtu mbaya. Mali itagawanywa na mahakama, fungu lako utalipata, nami nitamchukua Mama Mdogo akae kwangu, tutabanana. Ila duka litauzwa, maana hakuna wa kuliendesha, na yeye kwangu atakuwa mgeni mpaka afe. Nataka uyajue hayo kabla hujaamua, uamue umeyaona.

Najua kinachokuuma. Mama yetu hakuwa amemaliza hata miaka miwili kaburini pale huyu alipotoka kwenye meza ya kupigia pasi akahamia juu. Uliondoka mwaka ule ule na hujawahi kumwita jina lolote, kwako ni "yule wa pasi". Miaka mingi nilikuwa nikikuelewa kwa siri, hata mimi jina la Mama Mdogo lilinikwama kooni kwanza. Sikuombi umpende kwa barua. Nakuomba umpime kwa yale ya ofisi ya mwanasheria, si kwa yale ya mwaka ule.

Kabla sijafunga, wote wanakusalimu. Hakimu anakusalimu, anaona haya kukupigia, mpigie wewe. Mpwa wako anakusalimu na anataka viatu vya rangi nyeupe, mwambie hakuna. Kinyozi na fundi cherehani wanakusalimu, kila mmoja anadai yeye ndiye aliyekunyoa au kukushonea siku uliyosafiri. Mama Mdogo hajui kwamba nimekuandikia haya. Ananisikia nikikwaruza karatasi, amedhani ni mambo ya hospitali.

Na jambo moja la mwisho, nimeliona jana tu nikifuta vumbi kwenye kamba. Kule mwisho kabisa, karibu na dirisha, kuna ufunguo wa mlango mkubwa. Ulituambia uliutupa mtaroni siku ile unaondoka, ili usiwe na njia ya kurudi. Hukuutupa, muongo wewe. Uliusahau kwenye suruali yako ya kazi ukaiacha kwenye tenga, na yule wa pasi akautoa kabla ya kufua, akaubana, akaandika "Kifungo" kwenye kijikaratasi. Wino umefifia, lakini kijikaratasi kimebadilishwa zaidi ya mara moja, naona kwa tofauti ya karatasi. Nilimuuliza kwa nini kitasa cha mlango ule hakijabadilishwa mpaka leo, kimelegea hivi kwamba lazima uunyanyue mlango kidogo ndio ufunguke, na Baba alikwisha kumleta fundi mara mbili. Alinijibu huku anakunja shuka, "Tukibadilisha, ule wa kwenye kamba utafungua nini?"

Sikuuweka kwenye bahasha. Sheria unaijua.

Mungu akulinde huko, akutunzie mgongo, akupe usingizi mzuri na moyo mwepesi.

Wako akupendaye tangu siku nilipokupiga mgongoni mpaka kifungo cha mteja kikakutoka kooni,

Dada Mkubwa